Shangazi, nimlipe huyu mshauri wa vyuo?

*Assalamu alaykum shangazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Wete, Pemba. Binti yangu mkubwa amemaliza kidato cha sita mwezi uliopita, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, tunasubiri matokeo. Wifi yangu amenipeleka kwa kijana mmoja mwenye ofisi Unguja, ghorofani Darajani, anajiita mshauri wa elimu. Anataka milioni mbili na nusu, nusu sasa na nusu chuo kikishajibu. Anasema kwake nafasi ni ya uhakika, ana watu wake vyuoni, na kwamba SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ni kupoteza akili ya mtoto, bora akasomee udaktari nje. Ameomba vyeti halisi, na ameshamfungulia binti barua pepe. Pesa ninazo, za karafuu, lakini ndizo hizo hizo za kumsafirishia. Baba yake hasemi ndiyo wala siyo. Wifi anasema nikichelewa nitamkosesha mtoto bahati yake kwa ubahili wangu. Silali usiku. Nifanyeje?*

*Mama wa Wete*

Waalaykumu salaam, mwanangu.

Kwanza vyeti. Kama cha kidato cha nne na cha kuzaliwa bado vimo sandukuni kwako, visitoke. Kama umeshampa, panda boti Mkoani ukavichukue mwenyewe, usimtume mtu. Anayetaka kujua alama za mtoto inamtosha nakala. Anayetaka cheti chenyewe anataka rehani.

Lakini kilichonitisha zaidi katika barua yako si vyeti, ni ile barua pepe, na wewe umeipitia mbio kama jambo dogo. Nikueleze mambo yanavyokwenda. Zamani maombi ya vyuo vyote yalipita kwenye mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Tangu 2017 mwanafunzi anaomba moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka, kila chuo na mtandao wake. Akichaguliwa vyuo viwili au vitatu, anatakiwa athibitishe kimoja tu, na kuthibitisha ni kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu au barua pepe aliyoombea. Sasa niambie, kama simu iliyoandikwa ni ya yule kijana, namba ya siri inaingia wapi? Inaingia Darajani. Na wewe bado una deni lake la milioni moja na robo. Hapo hana haja ya kukutapeli. Anakaa kimya tu, siku za kuthibitisha zinakwenda, na wewe mwenyewe utaikimbilia nusu ya pili ukiwa unatetemeka.

Kwa hivyo leo hii binti afungue barua pepe yake mwenyewe, kwa simu yake au yako, na neno la siri alijue yeye. Ile aliyofunguliwa aiache ife.

Halafu muulize huyo mshauri swali moja, kwa adabu lakini mbele ya watu: na vyuo navyo vinakulipa? Vyuo vingi vya kulipia huko nje huwapa mawakala kamisheni kwa kila mwanafunzi wanayempeleka. Hiyo peke yake si haramu. Dalali wa nyumba naye hulipwa na mwenye nyumba, na watu wamepata nyumba nzuri kwa mkono wa dalali. Lakini hakuna anayemwita dalali mshauri, wala hakuna anayelipa ada ya ushauri juu ya udalali. Ukilijua hilo, utaelewa pia kwa nini SUZA "ni kupoteza akili". SUZA inafundisha udaktari hapa hapa Zanzibar, na ina kampasi Mchangamdogo, mlangoni kwenu. Pengine kosa lake ni kwamba haitoi kamisheni.

Sisemi kazi ya ushauri ni uongo. Marekani, ambako familia nyingi hulipa washauri binafsi ili mtoto ajue achague vyuo gani na ajieleze vipi, wapo waaminifu, na chama chao kimojawapo kikubwa kinawakataza mambo mawili: kupokea malipo kutoka chuoni kwa kupeleka mwanafunzi, na kuahidi nafasi. Huyu kijana wako, kwenye ahadi ameshaanguka, bado malipo. Na hilo la "nina watu wangu ndani" ndilo lililonifanya niweke chai chini. Huko huko Marekani, 2019, alishitakiwa na kukiri makosa mshauri mmoja aliyeitwa William Singer, aliyekuwa akihonga makocha na kuchezea mitihani ili watoto wa matajiri waingie vyuo vikubwa. Yeye alihukumiwa miaka mitatu na nusu mwaka 2023. Wazazi nao walifungwa, mwanangu. Mtu akikwambia ana watu wake, hujui anakuingiza kwenye nini.

Na mie yamenifika kwangu. Mtoto wa marehemu dada yangu alipelekwa nje na wakala, tukauza kiwanja. Alipofika akakuta hakusajiliwa shahada, kasajiliwa mwaka wa kujifunza lugha. Wakala hakusema uongo. Kwenye karatasi ilikuwa imeandikwa, kwa maandishi madogo, na hakuna katika sisi aliyesoma. Tulikuwa tumeshalipa mtu wa kutusomea.

Sasa kazi yenyewe unayotaka kumlipa mtu, itazame ilivyo. TCU hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili, bure mtandaoni, wenye kila chuo, kila kozi na sifa zake. Matokeo kwa kawaida hutoka Julai na dirisha la maombi hufunguliwa baada ya hapo, basi hakuna bahati anayoipoteza leo. Shahada yoyote inataka angalau ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi nne, A ikiwa tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja. Udaktari unataka yote matatu na alama za juu zaidi. Binti aliyesoma Fizikia mpaka kidato cha sita hesabu hiyo haimshindi. Kama nje bado kunawavutia, mhakikishe kwanza na TCU kwamba chuo kinatambulika, maana wao ndio wanaotambua shahada za nje. Uturuki ina ufadhili wa serikali yao, kuomba ni bure. Kwa Marekani, ubalozi wao Dar es Salaam una washauri wa masomo, nao hawatozi.

Pesa za karafuu zitatakiwa kwingine. Upo mkopo wa masomo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar, iliyoundwa 2011, na upo wa Bodi ya Tanzania. Mtu hachukui yote miwili. Kwa ule wa Tanzania, cheti cha kuzaliwa cha Zanzibar kinahakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na sheha atahitajika kutia sahihi. Hapo ndipo watoto wengi wanapoangukia, kwenye jina lililoandikwa hivi skuli na vile hospitali. Lianzeni sasa, mkingoja Agosti mtapanga foleni.

Ukiona bado unataka mkono wa mtu, mtafute mwalimu wake wa skuli, au kijana wa Wete aliyeko chuo mwaka wa pili, umlipe kwa kazi: kukaa naye siku mbili, kumsomea barua yake ya kujieleza, kumzoeza mahojiano. Asimwandikie. Na akupe risiti.

Wifi yako mwache na mapenzi yake. Akirudia la ubahili, mwambie kama ana hakika na kijana wake, atangulize yeye ile nusu ya kwanza.

Baba kimya chake nakifahamu: hajui, na hataki kuonekana hajui. Mpe karatasi ya mahesabu, nauli, ada, malazi, atasema.

Anayenishughulisha ni mwingine. Nimeisoma barua yako mara tatu. Nimejua mshauri anataka nini, wifi anataka nini, na kwamba baba hasemi. Binti anataka kusoma nini? Usinijibu wewe. Barua ya pili aiandike yeye.