Gari jeusi lisitoke kijivu

Mteja akiniletea Crown au Harrier nyeusi nipige picha za kuuzia, kitu cha kwanza kugusa kwenye kamera ni kitufe cha kujumlisha na kutoa (+/−), kile cha kuongeza au kupunguza mwanga wa picha. Kamera haijui kuwa gari ni jeusi. Mita yake inachukulia kwamba chochote kilicho mbele ya lenzi, kwa wastani, ni kijivu cha kati, kile cha asilimia 18. Ukisogea mpaka mlango ujaze fremu, inaona giza na kuongeza mwanga, na weusi unapauka. Hapo punguza. Anza na −1, yaani stopu moja chini, nusu ya mwanga. Kwa nyeusi tupu isiyo na chenga za kumetameta, ambayo Toyota huiandika 202 kwenye kibati cha taarifa za gari, mimi hufika −1.7.

Namba hiyo usiikariri. Rudi nyuma kidogo, anga jeupe la saa sita liingie kwenye fremu, na kamera itapunguza mwanga yenyewe mpaka rimu na milango visionekane. Ukiongeza ili uokoe gari, anga linaungua, linabaki jeupe tupu. Sipendi ugomvi huo. Nahamisha gari, nyuma yake pawe na miti au ukuta wenye kivuli.

Skrini ya kamera juani inadanganya, kwa hiyo tazama histogramu, ile grafu yenye giza kushoto na mwanga kulia. Mlima mkubwa ukilalia kushoto usishtuke, gari ni jeusi. Tatizo ni pale unapobanwa kabisa kwenye ukingo, maana hapo mikunjo ya bodi imeshapotea.

Tena rangi nyeusi iliyong'arishwa ni kioo. Boneti inayoakisi anga inaweza kuzidi ubavu unaoakisi lami kwa stopu kadhaa, na hakuna namba itakayozipatanisha. Ndiyo maana napenda dakika zile baada ya jua kuzama, anga zima linapomwaga mwanga laini. Dar es Salaam muda huo ni mfupi, kama dakika 20 hivi, kwa hiyo tripodi iwe imesimama mapema na gari limefutwa vumbi. Na shati jeupe liache nyumbani, litaonekana mlangoni.

Filta ya polaraiza, ile inayopunguza mwakisiko, inasaidia mchana, ila inakula stopu moja mpaka mbili na haisafishi pande zote kwa mkupuo mmoja. Izungushe taratibu, na usiue mng'ao wote. Mstari wa mwanga begani mwa gari ndio unaoonyesha umbo lake.

Kwa simu, gusa gari kwenye skrini, shikilia mpaka fokasi na mwanga vijifunge, kisha shusha alama ya jua.

Ukiwa na shaka piga tatu: ya kawaida, −1 na −2, zote kwa RAW, faili ghafi la kamera. Kivuli utakiinua kwenye kompyuta. Kromu na taa zilizoungua hazirudi.