Majina ya waume kwenye daftari letu

Ndugu mhariri,

Swali lenu la juma hili nimelisoma mara mbili: "Vyama vya wake wa mawakili, madaktari na maofisa, je, bado vina kazi, au vimebaki mahali pa kuonyeshana vitenge?" Nilitaka kujibu kwa mstari mmoja tu, kwamba vifungwe. Nimeongoza kimojawapo, cha wake wa mawakili, hapa Lubumbashi mwaka mzima, Januari 2022 hadi Januari 2023, kwa kujitolea, na ninajua ninachosema. Lakini kinachoniwasha mimi ni swali la jirani yake: mwanamke akiitwa kuongoza kwa sababu ya kazi ya mumewe, sauti anayosema nayo ni ya nani?

Mimi ni mwalimu wa hesabu, miaka kumi na sita sasa. Shuleni naitwa Madamu. Kwenye chama nikawa Mama Prezidanti, mke wa Metre, yaani wakili, kama anavyoitwa kwetu kwa heshima. Katika daftari la wanachama jina langu la kuzaliwa halikuwamo, wala la mwenzangu yeyote. Kurasa zilikuwa "Mke wa Metre" huyu, "Mke wa Metre" yule, watu 41 kwa jumla, ingawa waliokuwa wakifika Jumamosi ya kwanza ya mwezi hawakuzidi ishirini na watano.

Kazi za kawaida mnazijua. Mchango wa franka 10.000 kwa mwezi, likelemba, yaani mchango wa kupeana kwa zamu, kwa wanaotaka, kitenge cha pamoja mara moja kwa mwaka, zamu za kuona wagonjwa, na kila baada ya miezi mitatu gereza la Kasapa na unga, chumvi na sabuni. Mfungwa asiye na ndugu wa kumletea chakula anaishi kwa vungule, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na anayekwenda pale mara moja hawezi kurudi nyumbani akala kama jana. Waume zetu wanawajua wale watu kwa majalada. Sisi tuliwaona nyuso. Kazi hiyo niliipenda na bado naipenda.

Tulipokwenda benki moja ya mjini kufungua akaunti ya chama, mimi, mweka hazina na mwandishi, karani alituomba barua za ruhusa za waume zetu. Ruhusa hiyo iliondolewa na sheria ya Kongo ya tarehe 15 Julai 2016, iliyorekebisha Kanuni ya Familia ya 1987. Niliijua siku hiyo hiyo usiku, kwa kuambiwa na mume wangu mezani. Miaka yote ile nimelala kando ya mtu anayeijua kwa kichwa. Kesho yake tulirudi na akaunti ikafunguliwa.

Sasa niwaambie lililonifanya nishike kalamu.

Februari, katikati ya mvua, alifariki stajieri mmoja, wakili aliye bado kwenye majaribio. Wakili mpya wa kwetu hufanya majaribio miaka miwili katika kabine, yaani ofisi, ya mkubwa wake kabla ya kuandikwa kwenye orodha kuu, na mara nyingi mkononi anapata nauli na kitu kidogo. Malaria ilimpanda kichwani, siku nne tu, basi. Aliacha mke wa miaka 26 na mtoto wa miaka mitatu katika vyumba viwili vya kupanga, mtaa wa Bel-Air.

Mweka hazina alinipigia simu usiku ule: "Mama Prezidanti, huyu ni mwanachama?" Katiba yetu ilisema mwanachama ni mke wa wakili aliyeandikwa kwenye orodha. Marehemu alikuwa hajaandikwa. Na hata angekuwa ameandikwa, mkewe tangu saa ile hakuwa tena mke wa wakili. Maneno tuliyoyatunga wenyewe yalimtoa nje siku aliyotuhitaji. Nilimwambia atoe pesa, kubishana tutabishana baadaye. Tulibishana miezi miwili.

Siku ya tatu baada ya mazishi familia ya mume ilikuwa ikutane. Usiku wake nilimwomba mume wangu anionyeshe Kanuni inasema nini juu ya mjane. Alifungua, akapiga mstari wa penseli chini ya maneno: watoto wanapata robo tatu ya urithi, robo inayobaki ni ya mjane pamoja na wazazi na ndugu za marehemu, na mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vilivyomo. Asubuhi nikatoa fotokopi kwenye kibanda karibu na shule, kurasa mbili, nikazikunja, nikazitia mkobani.

Kilioni tulifika 19, kitenge kimoja. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha na turubai lilikuwa limelemewa upande mmoja. Wanaume nje kwenye viti vya plastiki, sisi ndani kwenye mikeka. Uani walikuwa wakisonga bukari, ugali wetu. Mjane aliegemea ukuta, mtoto amelala mapajani mwake. Kaka wa marehemu, aliyetoka Likasi na wazee wa familia, aliingia ameshika karatasi, akaanza kusoma. Friji. Televisheni. Jenereta. Kitanda. Cherehani. Kila alichokitaja, kijana mmoja alikigusa kwa kiganja kama anayehesabu mbuzi. Mjane alisema, sauti ya chini kabisa, kwamba cherehani alikuja nayo kutoka kwa mama yake. Hakuna aliyemjibu. Halafu yule kaka akasema: "Na joho."

Joho la kortini lilikuwa limetundikwa msumarini nyuma ya mlango. Jeusi, kile kitambaa cheupe cha kifuani kimekunjwa na kubanwa kwa pini, kola imegeuka kijivu kwa jasho. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona vifungo vyake. Kimoja, cha nne kutoka juu, kilikuwa cha kahawia na kimeshonwa kwa uzi mweupe. Mkono wa mkewe huo, pengine usiku, mshumaa ukiwaka kwa sababu umeme umekatika. Mdogo wa marehemu alikuwa mwaka wa pili wa sheria, ndiye walitaka kumpa.

Mkoba ulikuwa magotini pangu. Niliufungua, vidole vikagusa zile karatasi. Ndani tulikuwa wake 19 wa mawakili. Nje, chini ya turubai, walikuwa mawakili saba, wawili kati yao mji mzima unawajua kwa kesi za urithi, na dirisha lilikuwa wazi. Hakuna aliyefungua mdomo. Mimi pia sikufungua. Nilikuwa nawaza kwamba nikisoma, watasema mke wa Metre fulani amekuja na karatasi kilioni, na aibu itamfikia mume wangu. Hapo ndipo nilipotambua jina la "Mke wa Metre" limenikalia kwenye koo.

Aliyesema ni Mama Mkubwa wetu, mke wa wakili mzee kuliko wote, mwanamke ambaye hakumaliza shule ya msingi. Alinyanyuka taratibu akishika ukuta, akalitoa joho msumarini, akaketi, akalikunja pajani pake, mkono juu ya mkono, kola ndani. Kisha akamwuliza yule kaka kwa heshima zote: "Baba, mtoto huyu akikua akauliza baba yake alikuwa nani, mtamwonyesha nini?"

Mzee mmoja wa Likasi, baba mdogo wa marehemu, alikohoa akasema joho liachwe, na cherehani ya mwanamke iachwe. Friji, televisheni, jenereta na kitanda viliondoka jioni ile, vikiwa vimefunikwa kwa turubai lile lile la kilio. Godoro lilibaki chini.

Nimeandika marefu kuliko nafasi mliyotupa. Siwezi kuyafupisha.

Wiki mbili baadaye yule shemeji alikwenda kwa mwenye nyumba kudai arudishiwe garanti, pesa ya dhamana ya nyumba. Marehemu alikuwa amelipa garanti ya miezi sita. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inataka isizidi mitatu, lakini hata wakili akitafuta nyumba Bel-Air analipa anachoombwa. Tulikwenda watatu kwa mwenye nyumba, Katuba. Safari hii karatasi niliitoa. Hakuisoma. Aliuliza tu: "Nyinyi ni wake za nani?" Tuliwataja. Papo hapo akaandika kwa mkono wake kwamba garanti inabaki kwa jina la mjane.

Basi nifanye nini na hilo? Jina lililoniziba mdomo kilioni ndilo lililompa mjane paa la miezi sita. Nilipoanza barua hii nilikuwa nimekwisha amua, na sasa sioni ningemweleza nini yule binti kama chama kisingekuwapo.

Mwezi wa Mei tulibadili katiba: mjane anabaki mwanachama, na mke wa stajieri anaingia. Jina la kila mmoja limeandikwa lake mwenyewe, la mwenzi wake pembeni. Wanane waliomba lao libaki kama zamani. Sikuwalazimisha, ila niliumia. Kuna pia baba mmoja, mume wa wakili mwanamke, aliyeomba kuingia. Wengi walikataa, wakisema wanaume wakiingia watachukua uongozi. Hofu hiyo siidharau, lakini huyo baba ndiye aliyebeba magunia yetu hadi lango la Kasapa mara mbili, na nadhani tulimkosea.

Mkitaka jibu la swali lenu, andikeni kwamba visifungwe. Mwekeni pembeni kwamba aliyejibu hataki kuongoza tena, na kwamba chama kisichojua sheria inayomlinda mjane wake mwenyewe, afadhali mchango wake upelekwe Kasapa moja kwa moja. Wekeni pia kwamba wale mawakili saba wa chini ya turubai ninawadai maneno kuliko ninavyokidai chama. Mmoja wao alikuwa mume wangu. Barua hii ameisoma jana usiku, akakaa nayo muda mrefu, akasema niitume kama ilivyo.

Mjane sasa anashona, na mchango wake analeta kila mwezi kama wenzake. Ni namba 42 kwenye daftari.

Jina langu nimewaandikia nyuma ya karatasi, la kuzaliwa. Mkitaka kulificha kwa ajili ya yule binti, nimekubali. Ila msiandike "Mke wa Metre".