Nina barua ya daktari: naweza kwenda Umra na mafuta ya bangi?

SWALI: Assalaam alaykum, Shekhe. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, naishi Toronto. Nina maradhi ya neva yanayonikaza misuli ya miguu. Daktari ameniandikia mafuta ya bangi, matone machache kila usiku, na ndiyo yanayonilaza. Rajabu nataka kwenda Umra kwa kupitia Dubai, kisha nikamwone mama Unguja. Barua ya daktari ninayo. Shoga yangu ananambia niyamimine kwenye chupa ya habasoda. Yafaa?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah akuponye, binti yangu.

Kuyatumia huko ulipo sikukatazi. Kilevi ni haramu, lakini dharura ina mlango wake. Imam Nawawi, mwanachuoni wa Kishafi, katika kitabu chake Rawdha alimzungumzia mtu mwenye mkono uliooza, ikahitajika aondolewe akili ili ukatwe, akasema kauli iliyo sahihi zaidi ni kujuzu. Maadamu daktari mwaminifu ameona hakuna dawa nyingine inayokufaa, nawe huzidishi kipimo, lala salama.

Hofu yangu ni mpakani. Sheria ya Canada ya mwaka 2018 imeruhusu bangi ndani ya nchi tu. Kuivusha mpaka, kutoka au kuingia, ni kosa hata kwa mwenye kibali cha matibabu. Basi utakuwa umeivunja ahadi kabla ndege haijaruka, na Allah anasema: "Enyi mlioamini, timizeni mikataba" (5:1). Viza nayo ni mkataba. Saudia wasafirishaji wa dawa za kulevya huuawa. Dubai, mwaka 2008, msafiri mmoja alihukumiwa miaka minne kwa chembe ya bangi ya gramu 0.003 iliyonasa kwenye soli ya kiatu. Sheria yao imelegezwa kiasi tangu hapo, lakini marufuku ipo palepale. Na ukishuka Unguja, barua ya Toronto haikukingi na sheria ya bangi.

Shauri la habasoda nalikataa kabisa. Mtume (s.a.w.) alitia mkono kwenye rundo la chakula sokoni, vidole vikakuta unyevu uliofichwa chini, akasema mwenye kughushi si katika yeye. Chupa hiyo ni rundo lilelile. Wala usimbebeshe mwenzako. Unataka mama aliyekuja kukupokea uwanjani aambiwe mwanawe amezuiliwa? "Wala msijitupe kwa mikono yenu katika maangamizo" (2:195).

Mwone daktari wako miezi miwili kabla, umwambie nchi zote utakazopita. Usiache dawa ghafla kwa uamuzi wako. Vipo vidonge vya kulegeza misuli, kama baklofeni. Akikubadilishia, vijaribu nyumbani kwanza uone usiku unapitaje. Uliza pia kila dawa unayobeba, maana hata tramadoli, dawa ya maumivu, huhitaji kibali Saudia. Ziache katika pakiti zake zenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Na mkoba uliozoea kutilia chupa ile, uache nyumbani, chukua mwingine.

Ikiwa hakuna mbadala, jua kwamba kwetu Mashafi Umra ni wajibu mara moja kwa mwenye uwezo, na afya ya kuihimili safari ni katika uwezo. Huna dhambi. Kama madaktari wamekata tamaa ya kupona kwako, unaweza kumtuma mtu akufanyie, kwani mwanamke wa kabila la Khath'am aliruhusiwa na Mtume (s.a.w.) kumhijia babake mzee asiyeweza kukaa juu ya mnyama. Ama mama, ukiweza mkatie tiketi aje yeye.

Na ukijaaliwa kwenda, miguu ikakaza ukiwa Makka, usijilazimishe kutembea. Ummu Salama, mkewe Mtume (s.a.w.), alimlalamikia kuwa anaumwa, akamwambia atufu nyuma ya watu hali amepanda. Basi chukua kiti cha magurudumu tangu duru ya kwanza, usingoje hadi uanguke.

Wallahu aalam.