Mkuu, usiruhusu injini ifumuliwe kwa kipimo kimoja

Mkuu, mwambie huyo fundi aweke spana chini. Sasa hivi, hata kabla hujamaliza kusoma.

Umesema Toyota IST yako yenye injini ya 1NZ ilikuwa nzima, ukaiwasha kuisogeza uani ili ukuta upakwe rangi, ukaizima, na tangu hapo imegoma. Mkapiga stata mpaka betri ikachoka. Fundi kapima kompresheni (nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya silinda), zote nne zinacheza kwenye 70 hadi 80 psi, chini mno, kasema "ringi zimekufa, tufumue." Na wewe unakuja kuuliza ringi za kampuni gani nzuri, au kama injini ya mtumba itakuwa nafuu! Swali la kwanza umeliruka: ringi, zile pete za pistoni zinazoziba hewa isivuje, zimekubaliana vipi kufa kwenye silinda nne ndani ya dakika moja?

Ringi haziondoki hivyo. Zinaaga kwa miezi. Oili inapungua bila kuvuja, moshi wa bluu unatoka nyuma, gari linakosa nguvu mlimani, asubuhi linawaka kwa kubembelezwa. Wewe hujataja hata kimoja.

Nina uchungu na hili kwa sababu niliwahi kuwa na Corolla 110 yenye injini ya 5A. Ilizima barabarani ghafla, mtu angedhani nimezungusha ufunguo. Ikavutwa kwa kamba hadi gereji ya fundi aliyesifiwa mtaa mzima. Akapima: zote chini, na zinalingana. Akatikisa kichwa kama daktari mwenye majibu mabaya. "Ringi hizi, bosi." Nikasema sawa. Ningebisha nini wakati mwenye geji ni yeye?

Injini ikashushwa. Hedi, kichwa cha injini chenye valvu, ikaenda kuchongwa. Ringi, bearingi na seti nzima ya gasketi nikazifuata mwenyewe Kariakoo, na kila nikirudi nakuta jipya: "bosi, tukishafungua si vizuri kurudishia sili za zamani." Hela ya kodi ya nyumba ikaishia mle. Shemeji yenu mpaka leo akiona boksi la gasketi dukani, haliangalii boksi, ananiangalia mimi.

Basi ikawaka. Fundi akapongezwa, nami kwa ujinga wangu nikanunulia gereji nzima soda. Mpaka nilipopekua lile boksi la vyuma vya zamani alivyonirudishia. Chini kabisa kulikuwa na belti ya taiming, ile inayopanga valvu zifunguke na kufunga kwa wakati. Nikaikunja kwa vidole: sehemu moja meno yamenyofoka mfululizo, umebaki utepe mtupu. Belti ilikuwa imeruka! Valvu zikawa zinafunga kwa kuchelewa, pistoni inapanda huku hewa inatorokea mlangoni. Ndiyo maana silinda zote zilishuka, na ndiyo maana zililingana. Halafu 5A, belti ikiruka au ikikatika, valvu hazigongani na pistoni. Dawa ilikuwa belti mpya tu. Gari liliwaka baada ya ovahoo kwa sababu wakati wa kuirudisha injini alifunga belti mpya na kupanga alama, basi. Nilipomwonyesha, akanijibu bila aibu: "hata hivyo ringi zilikuwa zimechoka." Zimechoka! Gari halikuwahi kula oili. Lilianza kula baada ya hizo ringi zake mpya.

Kwa hiyo sikia: hakuna kufungua injini kabla ya kupima mara mbili, kavu halafu na oili.

Kwanza chaji betri ijae. Toa plagi zote nne, chomoa soketi za koili na fyuzi iliyoandikwa EFI, maana mle kuna petroli na hutaki cheche. Mtu akanyage pedeli ya mafuta mpaka chini wakati stata inapigwa. Muulize fundi kama alifanya hivyo. Betri imechoka na njia ya hewa imefungwa, hata injini mpya itasoma kama mgonjwa. Kitabu cha Toyota kwa 1NZ kinataka 213 psi, ikishuka chini ya 156 ndiyo mbovu, na silinda zisipishane zaidi ya 14. Andika namba zako.

Kisha mimina kijiko cha chai cha oili kwenye kila tundu la plagi, iwasaidie ringi kuziba kwa muda, upime tena.

Zikipanda sana, fundi atashangilia kuwa ni ringi. Usishangilie naye. Injini ya baridi inalishwa petroli nyingi, wewe ukaizima kabla haijapata moto, kisha kila stata ikaongeza nyingine. Petroli ikaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi kavu haizibi hata iwe mpya. Chomoa kijiti cha kupimia oili, unuse. Kikinuka petroli, umepata mchawi wako, na oili hiyo uimwage, uweke nyingine kabla ya kuwasha. Piga stata plagi zikiwa bado nje ili mafuta yatoke, rudisha plagi zilizokaushwa, koili na fyuzi, kanyaga pedeli mpaka chini, piga. Itafuka moshi wa kuogofya majirani. Iache ifuke.

Zisipopanda, shaka inahamia kwenye valvu kama ilivyokuwa kwangu: fungua tapeti kava tu, kile kifuniko cha juu ya injini, siyo hedi. Yako inatumia cheni, siyo belti: zungusha puli ya chini mpaka alama yake ifike sifuri, utazame kama alama za gia mbili za juu zinaelekea juu. Zikielekea chini, ongeza mzunguko mmoja. Tofauti na 5A yangu, kwenye 1NZ cheni ikiruka valvu zinaweza kupinda, kwa hiyo mkikuta imeruka msipige tena stata.

Hayo ya ringi za kampuni gani na injini ya mtumba siyajibu, nitakuwa nampa huyo fundi tenda. Rudi na namba nane, nne kavu na nne za oili. Akikataa kurudia kipimo, mlipe hela yake ya kupima, funga kamba, vuta gari lako uondoke.