Mweka hazina: ameiba, amefuja au amebadhiri?

SWALI: Mweka hazina wa kikoba chetu alichukua michango yetu akaezekea nyumba yake. Mimi ni katibu. Kwenye muhtasari nimeandika "ameiba". Mwenyekiti anataka iwe "ubadhilifu wa fedha". Nani yuko sahihi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu katibu, tuanze na tahajia: ni ubadhirifu, kwa r, kwa sababu kitenzi ni badhiri.

Badhiri ina asili ya Kiarabu, na huko shina lake linahusu kutawanya mbegu. Kwa maana hiyo ya awali, badhiri na fuja hueleza jinsi mali inavyotumika, bila kujali mwenyewe ni nani. Anayerithi shamba la minazi, akaliuza na kumalizia fedha kwenye pombe, amefuja, ingawa mali ilikuwa yake halali. Kurani nayo (17:27) inapowaita wabadhirifu ndugu wa mashetani, inakemea utumiaji wa ovyo. Wizi hautajwi hapo.

Baadaye sheria na magazeti yakapanua maana. Tanzania, kifungu cha 28 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinahusu ubadhirifu na ufujaji: mtu kujinufaisha kwa mali aliyokabidhiwa kwa sababu ya kazi yake. Kenya utasikia zaidi "ufujaji wa pesa za umma". Kwa hiyo mwenyekiti hajakosea Kiswahili.

Hata hivyo silipendi neno lake kwenye muhtasari wenu. Linamfanya msomaji adhani fedha zilitumika hovyo, kumbe zimekuwa mabati juu ya nyumba ya mtu mmoja. Nako "ameiba" ni kumtia hatiani kabla hajasikilizwa. Andika kitendo chenyewe: "Mweka hazina alitumia michango ya wanachama kuezekea nyumba yake bila idhini ya kikundi." Mkitaka jina la kitendo hicho, lipo la siku nyingi na halimfichi mtu: amekula amana. Wanachama walimwamini wakampa awatunzie, na hapo ndipo penye uchungu wao.

Angalia pia yambwa, yaani kile kinachotendwa na kitenzi. Kinachobadhiriwa au kufujwa ni mali, kwa hiyo usiandike "amewabadhiri wanachama". Mkitaka kuwataja walioumia, semeni amewaibia, amewadhulumu, au amewafujia fedha zao.