Dakika 51 zilizonifanya bingwa

Wiki yangu ya kwanza kwenye ofisi ya tiketi hapa Kisumu, mzee mmoja aliniuliza ndege ya Nairobi huchukua muda gani. Nikataka aone nimesoma. Nikashika kikokotoo: kilomita 280 gawanya kwa mwendo wa 550 kwa saa, nikapata 0.51. "Dakika 51, mzee." Ratiba nayo husema dakika 45 hadi 50 hivi, basi nikajiona bingwa.

Kumbe 0.51 ni sehemu ya saa. Izidishe kwa 60, unapata dakika 31. Nilibahatisha tu, na ndiyo maana ilipita miezi kabla ya mtu kunisahihisha. Zile dakika nyingine ratiba huzihesabu ndege ikiwa chini au ikiwa haijachanganya: kujikokota hadi barabara ya kurukia, kupanda, kupunguza mwendo, kungoja zamu ya kutua JKIA, uwanja wa Nairobi. Kwa safari fupi kama hii mimi huongeza robo saa na ushei.

Hizo 280 usizichukue kwa dereva wa basi. Yeye anapitia Nakuru na kuteremka Bonde la Ufa, anakaribia 350. Tumia digrii za ramani. Uwanja wa Kisumu uko 0.09 kusini na 34.73 mashariki, JKIA ni 1.32 kusini na 36.93 mashariki. Tofauti ni 1.23 na 2.20. Kila digrii ni kama kilomita 111, kwa hiyo una 137 na 244. Hapo ingiza ile pembetatu ya Pythagoras uliyodhani umeiacha shuleni, na 280 inatoka. Njia hii inatufaa kwa kuwa tumekaa kwenye Ikweta. Safari ya London usiithubutu hivyo: digrii za mashariki hubanana ukielekea kaskazini, na kwenye latitudo 60 kilomita 111 zinabaki nusu.

Wageni wengi wa kazi hii hukosea kwenye safari ya Eldoret. Uwanja wake uko 0.40 kaskazini, sisi 0.09 kusini, Ikweta katikati. Hapo unajumlisha, 0.49, hutoi. Ukishaunganisha na tofauti ya mashariki kwa ile pembetatu, anayetoa hupata kilomita 66 badala ya 79 hivi.

Kuhusu saa, kumbuka Rwanda iko saa moja nyuma yetu. Tiketi ya Nairobi kwenda Kigali ikisema 8:00 hadi 8:30, safari ni saa moja na nusu.

Na hiyo 8:00 mwandikie mteja kwa kalamu, "saa mbili asubuhi". Nilimpa mama mmoja tiketi bila kumweleza. Alinipigia simu kutoka uwanjani saa sita mchana, kuku wake kwenye kikapu, akiuliza mbona yuko peke yake na ndege ni saa nane.