Maswali ya Wasomaji: Naenda Singapore, Nisome Nini?

SWALI: Shikamoo Bi Mkutubi. Nafanya kazi bandarini hapa Mkoani na nimepata nafasi ya kozi fupi ya uendeshaji wa bandari Singapore. Kila ninayemwambia ananijibu, "Basi ukirudi tufanye kama wao." Nataka kusoma vitabu viwili vitatu kabla sijaondoka, nijue wale watu wanaishi vipi, siasa yao ikoje, na siku ya mapumziko niende wapi. Kiingereza nasoma bila tabu.
*Msomaji, Mkoani, Pemba*

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana.

Kabla ya vitabu, jua jambo moja. Singapore ni ndogo kuliko hiyo Pemba yako. Ina kilomita za mraba zipatazo 735, na hizo ni baada ya kufukia bahari miaka na miaka. Watu ni kama milioni sita. Hawana shamba la maana, na sehemu ya maji ya kunywa wanayanunua ng'ambo ya pili, Johor, Malaysia. Lakini bandari yao mwaka 2024 ilipitisha makontena zaidi ya milioni 40, na hapo walipitwa na Shanghai tu. Swali lako la kusomea liwe hili: waliwezaje, na kwa gharama ya nani?

Anza na mwenyewe, Lee Kuan Yew, waziri mkuu tangu 1959 hadi 1990. Kumbukumbu zake ziko katika majuzuu mawili, *The Singapore Story* (1998) na *From Third World to First* (2000). La kwanza linafungua na tarehe 9 Agosti 1965, siku Singapore ilipotoka katika shirikisho la Malaysia. Waliingia Septemba 1963, na hata miaka miwili haikutimia. Lee alilia mbele ya kamera za televisheni siku ile. Mzanzibari hawezi kusoma kurasa zile kama habari ya watu wa mbali. Sisi tulifanya mapinduzi Januari 1964, tukaungana na Tanganyika Aprili, na mpaka leo muungano ndio mazungumzo yetu barazani.

Juzuu la pili litakufaa kikazi: jeshi, nyumba, uwanja wa ndege, namna walivyopambana na rushwa. Gati yao ya kwanza ya makontena ilifunguliwa Tanjong Pagar mwaka 1972, wakati wengi walikuwa bado hawajui kama biashara hiyo ya masanduku itashika. Isome sehemu hiyo na kalamu mkononi.

Ila ukimsoma Lee peke yake utarudi na nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo wanayoipenda wanaokuambia "tufanye kama wao." Februari 1963 walikamatwa watu zaidi ya 100 kwa usiku mmoja, bila kufikishwa mahakamani, akiwemo Lim Chin Siong, kiongozi wa wafanyakazi aliyekuwa akivuta umati kuliko Lee mwenyewe. Mwengine, Chia Thye Poh, aliyekuwa mbunge, alikamatwa 1966 akakaa kizuizini miaka 23 bila kesi, na vikwazo vya mwisho juu yake viliondolewa 1998. Hayo nayo yamo ndani ya ufanisi ule. Nakuomba usiyaruke.

Kitabu kitakachokuonesha upande huo ni cha katuni, usikidharau: *The Art of Charlie Chan Hock Chye*, cha Sonny Liew (2015). Kinasimulia maisha ya mchoraji wa kubuni tangu enzi za Waingereza, na ndani yake unaiona historia yote ya kisiwa, hata sura inayouliza ingekuwaje kama Lim Chin Siong ndiye angeshika nchi. Baraza la sanaa la serikali lilikuwa limeidhinisha dola 8,000 za Singapore kukisaidia, kisha likaufuta msaada huo kwa hoja kwamba kitabu kinapunguza heshima ya serikali. Mwaka 2017 kikashinda tuzo tatu za Eisner, tuzo za vitabu vya katuni huko Marekani. Mimi nimekisoma zaidi ya mara moja na kila mara naona kitu nilichokipita.

Cha tatu ni *This Is What Inequality Looks Like* cha Teo You Yenn (2018). Huyu ni mwanasosholojia aliyekwenda kuzungumza na familia za kipato cha chini katika nyumba za kupanga za serikali. Lazima ujue kwamba karibu watu wanane katika kila kumi kule wanaishi katika majumba ya shirika la serikali, HDB, lililoanzishwa 1960. Wengi wamenunua kwa hati ya miaka 99. Na tangu 1989 kila jengo lina kiwango cha Wachina, Wamalay na Wahindi, ili watu wa asili moja wasijikusanye pamoja. Mimi naishi katika majumba ya Michenzani hapa Unguja, kwa hivyo nilikisoma kwa uchu: lifti, ngazi, jirani anayesikika ukutani, nani kapewa na nani hakupewa. Chini ya majengo mengi ya kule wameacha ukumbi wazi usio na kuta. Wamalay hufanyia harusi hapo, na Wachina huweka msiba. Ukipata nafasi kakae pale jioni, utajifunza kuliko kwenye minara ya Marina Bay.

Siku ya mapumziko nenda Asian Civilisations Museum, karibu na mdomo wa mto. Wana shehena ya jahazi la karne ya tisa lililozama karibu na kisiwa cha Belitung likitoka China, vyombo vya udongo makumi ya maelfu. Jahazi lenyewe lilishonwa kwa kamba, bila misumari, kama mitepe ya pwani yetu.

SWALI: Assalaam aleikum bibi. Binti yangu anamfuata mumewe Singapore. Naogopa atakuwa mpweke, na chakula cha halali atakipata wapi? Kuna kitabu kinachowazungumzia Waislamu wa huko?
*Mama, Darajani*

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Moyo wako utulie. Wamalay ni kama mmoja katika kila raia saba, na wengi mno ni Waislamu. Mpe binti *Malay Sketches* cha Alfian Sa'at (2012). Ni visa vifupi vifupi vya Wamalay wa leo, kazini, nyumbani, skuli, na hakifichi uchungu wa kuwa wachache katika nchi uliyozaliwa.

Na wewe mwenyewe, ikiwa kwenu kuna asili ya Hadhramaut, tafuta *The Graves of Tarim* cha Engseng Ho (2006). Ni kitabu kigumu, cha kitaalamu, lakini kinafuata masharifu wa Tarim, mji wa Hadhramaut, walivyosambaa bahari nzima ya Hindi. Akina Aljunied na Alsagoff wa Singapore ni watu wa mkondo huo huo uliozileta familia nyingi hapa Unguja. Mskiti wa Omar Kampong Melaka ulijengwa na Aljunied mwaka 1820.

Aende Kampong Glam, kwenye Mskiti wa Sultan uliokamilika 1932. Chini ya kuba zake kuna mkanda wa vitako vya chupa, mchango wa maskini waliotaka nao wawemo katika ujenzi. Mbele yake wanauza murtabak, ndugu wa mantabali ya Forodhani. Kwenye vibanda vya chakula atazame cheti cha halali cha MUIS, baraza la Kiislamu la Singapore.

SWALI: Je, kitabu cha riwaya *Crazy Rich Asians* cha Kevin Kwan hakitoshi? Na hivi vitabu tunavipata wapi hapa?
*Msomaji, Mwanakwerekwe*

JIBU: Hakitoshi. Kevin Kwan anajua kuchekesha, lakini anaeleza koo chache zenye mali ya kutisha. Kisome kwenye boti ya Dar.

Ulizeni kwanza Maktaba Kuu pale Maisara na maktaba za SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa. Msipokuta, jazeni maombi kwa maandishi, kwani kitabu kisichoulizwa hakinunuliwi. Na maktaba ya taifa ya Singapore ina jarida lake la historia, *BiblioAsia*, linasomwa bure kwenye intaneti hata kwa simu.